Anza na Nguo ya Jumatatu

Ukiamua kwamba kuanzia sasa huvai ila nguo ulizozishona mwenyewe, usianze na gauni la Sabato. Najua ndilo linalokuita. Ukipita mjini Kisii ukaona vitenge vimening'inizwa mlangoni mwa duka, macho hukimbilia kile cha rangi kali, na moyoni tayari umeshaingia nacho kanisani. Lakini gauni hilo utalivaa saa chache tu kwa wiki, kisha ulitundike. Siku sita zinazobaki utarudi kwenye blauzi na suruali za mtumba, na azma yako itakuwa imekufa bila mtu kujua. Anza na nguo ya Jumatatu: ya kuchumia chai, ya kukatia mkungu wa ndizi, ya kupandia bodaboda, ya kusimama nayo dukani kutwa nzima. Mwili wako unaishi ndani ya nguo hiyo kuliko nyingine yoyote, na humo ndimo ushonaji wako utapimwa.

Nawaandikia hasa wenzangu wa Kiogoro na vilima vya jirani, kwa sababu mahali pana amri yake juu ya mavazi. Wadi yetu iko Nyaribari Chache, jirani kabisa na mji wa Kisii, kwa hiyo hatukosi vitambaa, na soko la Daraja Mbili haliko mbali. Nyanda hizi ni za juu. Jioni baridi inaingia hata mwezi ambao kule Kisumu watu wanajipepea. Mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka na haina msimu wa kutuachia kwa muda mrefu. Udongo mwekundu hupanda hadi magotini. Na utomvu wa mgomba, ukishadondoka kwenye nguo ukakauka, huwa kahawia na hautoki tena kwa sabuni yoyote. Ushauri wa kushona ulioandikwa kwa mtu wa Mombasa utakuacha hapa ukiwa umelowa na unatetemeka.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu pesa, maana wengi huingia wakidhani watapunguza gharama. Hutapunguza, angalau mwanzoni. Mwaka 2019 Kenya iliingiza nguo za mitumba tani 185,000 hivi. Hakuna anayeweza kushindana kwa bei na shati lililofika ndani ya robota namna hiyo. Kitambaa, uzi, vifungo na zipu vya shati moja vinaweza kukugharimu zaidi ya mashati mawili au matatu ya Daraja Mbili yaliyo mazima kabisa. Ukianza kwa kutafuta unafuu, hesabu ya kwanza tu itakukatisha tamaa.

Faida ziko kwingine. Nguo iliyokatwa kwa kipimo chako haikubani kwapani unaponyoosha mkono, wala haishuki kiunoni unapoinama. Ikichanika unajua imeshikanaje, kwa hiyo unaweza kuirudisha. Na utaanza kuuliza kitambaa kimetoka wapi, swali ambalo wengi wetu tuliacha kuliuliza mitumba ilipofunguliwa milango miaka ya 1990. Kisumu walikuwa na kiwanda cha KICOMI, Eldoret walikuwa na Rivatex, na vyote viwili vilifungwa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikakarabatiwa na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Mwaka huohuo serikali iliwataka watumishi wa umma wavae nguo za Kenya kila Ijumaa. Halafu Machi 2020, kwa ajili ya korona, uingizaji wa mitumba ukasitishwa hadi Agosti. Katika miezi hiyo watu ambao hawakuwahi kugusa cherehani walikaa chini wakashona barakoa, za familia zao na za kuuza. Mikono iliyoweza barakoa inaweza shati. Naamini hivyo bila wasiwasi wowote, kwa kuwa mshono ni uleule ulionyooka, umerefushwa tu.

Sasa jiwekee sheria, na uiandike. Bila sheria, neno «tu» katika «nguo zangu tu» litakutesa. Je, ukikata mwenyewe na fundi akakupitishia ovaloki kwenye kingo, nguo ni yako? Je, soksi? Sidiria? Ushauri wangu ni huu: nguo ni yako ikiwa umeikata na kuiunganisha wewe. Vifungo, zipu na lastiki vinunuliwe. Ovaloki na matundu ya vifungo vinaweza kufanywa na fundi, naye alipwe haki yake. Viatu, soksi na sidiria viwe nje ya sheria kwa mwaka wa kwanza. Halafu nguo ulizo nazo sasa usizitupe. Mwaka 1921 Gandhi aliwahimiza Wahindi wavae khadi, kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono nyumbani, na vitambaa vya kigeni vikachomwa hadharani. Rabindranath Tagore alipinga kuchoma huko, akiona si haki kuteketeza nguo wakati kuna watu walio uchi. Katika hilo mimi niko upande wa Tagore. Sheria yako ihusu nguo zinazoingia. Zile zilizomo zichakae zenyewe, na kila moja inapokwisha, nafasi yake ichukuliwe na uliyoishona. Hivyo kabati hugeuka polepole, nawe hutabaki bila cha kuvaa mvua ya Aprili ikikukuta una shati moja.

Tuje kwenye kitambaa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye duka atakuambia ni pamba. Mwombe uzi mmoja kutoka ukingoni, utoke nao nje uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Polista huyeyuka ikawa kijidonge kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa utaonyesha yote mawili. Sikwambii ukatae mchanganyiko. Kwa hali yetu, kitambaa cha pamba na polista ndicho ninachokipendekeza kwa nguo ya kazi, kwa vile kinakauka haraka. Jinzi nzito ikifuliwa wakati wa mvua inaweza kukaa kambani siku mbili na bado ukingo wake una unyevu, kisha inaanza kunuka. Drili nyepesi au kaki ya mchanganyiko ni bora kwa suruali; poplini kwa shati. Rangi iwe ya kahawia, ya udongo, au samawati iliyokolea. Mgomba na shamba vitaipaka tu, basi chagua rangi ambayo doa halitaishi juu yake kama jeraha.

Uliza upana kabla ya kuuliza bei. Jora la inchi 60 na la inchi 45 yanaweza kufanana bei kwa mita, ilhali moja linakupa theluthi zaidi ya lingine. Shati la mikono mirefu la mtu mzima wa wastani hutoka kwenye mita mbili hivi za inchi 60. Suruali kwenye mita moja na robo hadi moja na nusu. Kitenge huuzwa kwa yadi sita, na hizo zinatosha gauni pamoja na kilemba, au mashati mawili ukikata kwa akili. Ukifika nyumbani, kabla ya makasi kugusa kitu, fua kitambaa kwa maji ya moto, kianike, kipige pasi. Pamba hunywea. Ukikata kabla haijanywea, itakunywea ukiwa ndani yake.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hulidharau ni mwelekeo wa nyuzi. Kando ya jora kuna ukingo mgumu usiofumuka. Nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo huo ndizo zenye nguvu, na vipande vyako vikubwa, yaani mgongo, kifua, miguu ya suruali, vikatwe vikifuata njia hiyo. Ukipinda ili kuokoa sentimita chache, mguu wa suruali utajizungusha baada ya kufuliwa mara kadhaa, mshono wa pembeni uje mbele ya goti. Hakuna pasi ya kuurekebisha. Hasara hiyo huwezi kuifumua.

Kwa kuchora kwenye kitambaa cheusi huhitaji hata chaki ya dukani. Wachonga mawe wa Tabaka huacha vipande vidogo vya jiwe la sabuni. Kipande cheupe kilicholainishwa ukingo huacha mstari mweupe unaotoka kwa kufua. Jaribu kwanza pembeni, kwani mawe yenyewe hayalingani ulaini.

Na kiolezo cha kukatia? Kitafute mwilini mwako. Chukua shati lako la mtumba linalokukaa vizuri kuliko yote, lililochakaa kiasi cha kutolionea huruma, ulifumue mshono kwa mshono. Nenda taratibu, na kila kipande unachokitoa kiandike jina: mgongo, kifua cha kushoto, mkono, kola. Angalia kilivyounganishwa kabla hujakiachanisha. Vipande vikishapigwa pasi vilaze juu ya magazeti ya zamani, vichore, uongeze nafasi ya mshono ifike sentimita moja na nusu kila upande ambao mshono ulikatwa mwembamba. Katika kazi hii mtumba unakuwa mwalimu. Mikono ya wafanyakazi wa viwandani, Asia au Ulaya, ilishona vizuri, na wewe unaisoma kazi yao kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nimeona watu wakijifunza kola vizuri zaidi kwa njia hii kuliko kwa maelezo yoyote.

Kisha usikate kitambaa kizuri. Nenda Daraja Mbili ununue shuka la mtumba, lile la pamba la kitanda kikubwa. Kitambaa kingi namna hiyo kwa bei hiyo hukipati kwenye jora. Shati la kwanza lishone kwa shuka, livae nyumbani, uiname nalo, uinue mikono, ukae, uchuchumae. Palipobana patie alama kwa jiwe lako la Tabaka, urekebishe kwenye gazeti. Wengine wanaona haya kuvaa shuka. Likitiwa rangi iliyokolea hakuna atakayejua, na hata akijua, umelishona wewe.

Nataka kukaa kidogo kwenye kwapa na kwenye makalio, maana nguo ya kazi hufia sehemu hizo mbili. Shati la dukani limekatwa kwa mtu aliyesimama mikono imeshuka. Mchuma chai, mkata ndizi, mwashi, mwalimu anayeandika juu ya ubao, wote huinua mikono siku nzima, na kila wainuapo shati lote hupanda hadi kiunoni. Mafundi wa kanzu wa pwani walilitatua hilo zamani sana kwa kikwapa, kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono, pale mshono wa ubavu unapokutana na wa mkono. Kata mraba wa sentimita kumi hivi, uutie kwa pembe. Mara ya kwanza utakusumbua kwenye ncha, kwa hiyo piga bandi kwa mkono kabla ya kuupitisha kwenye cherehani. Utakapouvaa utainua mkono na shati halitasogea, na hutashona tena shati la shamba bila kikwapa.

Kwa suruali, kaa juu ya stuli ngumu ukiwa umenyooka. Pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye stuli, uongeze sentimita mbili au tatu: hicho ndicho kina cha kiti cha suruali yako. Mtu wa kuinamainama aongeze tena nyuma ya kiuno kama sentimita tatu, ili anapopalilia mgongo usibaki wazi kwa baridi ya asubuhi. Suruali nyingi za mtumba hazina hiyo, kwa kuwa zilikatwa kwa watu wasiolima.

Kama huna ovaloki karibu, na wengi hatuna, jifunze mshono wa kufunika. Weka vipande viwili pande za ndani zikigusana, ushone milimita saba kutoka ukingoni. Punguza ukingo hadi milimita tatu au nne. Geuza, piga pasi, shona tena milimita nane, na kingo zilizokatwa zitajifungia humo zisifumuke kamwe. Unachelewa kidogo, lakini ndani ya nguo panakuwa safi kama nje, na kwenye sabuni na maji ya kila wiki mshono huu hudumu sana. Miguu ya suruali inataka ule wa jinzi, unaolazwa upande mmoja na kushonwa tena juu. Pasi isikae mbali: kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mwingine. Ya makaa inatosha. Ipitishe kwanza juu ya jani la mgomba isafike na iteleze.

Kuhusu cherehani nina maneno machache. Ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu inashona mstari ulionyooka tu, na kwa mwaka wa kwanza hilo ndilo unalohitaji. Stima ikipotea, inaendelea. Ukinunua iliyotumika, nenda na kitambaa chako mwenyewe, ujaribu tabaka mbili kisha nne, maana kwenye kiti cha suruali utazikuta nne. Ukiona vitanzi vya uzi chini ya kitambaa, huenda uzi wa juu umelegea au umepitishwa vibaya, na hilo hurekebishwa. Ikigonga kwa chuma ndani, iache. Sindano namba 14 ifanye kazi nyingi, 11 kwa poplini nyepesi, 16 kwa drili. Badilisha sindano kabla haijavunjika. Kwa unyevu wetu, funika cherehani kila usiku na uitie mafuta yake, si ya kupikia.

Usijifungie nyumbani na kazi hii. Fundi wa sokoni Kiogoro anajua mambo ambayo makala haiwezi kukuonyesha, mfano namna ya kushika kitambaa kwa mkono wa kushoto kisivutwe na meno ya cherehani. Mwendee kwa heshima. Mwambie, «Mama, naomba nikae hapa jioni nikutilie vifungo na kukunga mapindo, nawe uniruhusu nitazame.» Atakupa kwanza kufumua, na kufumua ndiko kujifunza. Ila usimwendee Desemba wala Januari, anapokuwa amefunikwa na sare za shule. Wakati huo ndio anaotafutia karo ya wanawe. Wala usiogope kwamba unamnyang'anya riziki. Mtu anayejishonea hununua kwake ovaloki, matundu, na siku akikwama na koti, ushauri wa kulipia. Isitoshe, atakuwa mtu wa kwanza kuelewa kwa nini kazi ile haiwezi kuwa ya bei ya kutupwa.

Nguo za ndani zitakuja zenyewe. Fulana ya pamba iliyochakaa mgongoni bado ina kitambaa kizuri tumboni, na humo hutoka chupi moja au mbili kwa lastiki na sindano ya mkono. Mshono wa mstari ulionyooka hukatika kwenye kitambaa kinachovutika, kwa hiyo ushone kwa mkono ukirudi nyuma kidogo kila hatua, au uende kwa fundi mwenye cherehani ya kwenda kombokombo. Sweta ni shughuli nyingine kabisa, nayo huku kwetu si anasa. Kufuma si kushona, lakini mimi ningeihesabu. Nyuzi za kufumia hutengenezwa Eldoret, kiwandani Ken-Knit, na karibu kila kijiji chetu kina mwanamke anayefuma sweta za shule kwa mashine. Mpaka utakapoweza, shona koti fupi la kitambaa kizito lenye bitana ya blanketi kuukuu. Usiku wa Julai utaliheshimu.

Halafu kuna kiraka. Anayevaa nguo zake tu atakuwa na nguo chache, na nguo chache huchakaa upesi. Weka masalio ya kila kitambaa kwenye mfuko wake. Goti likianza kung'aa, usingoje litoboke. Tia kiraka kwa ndani, ukishone kwa mistari mingi midogo. Kitambaa chenye uhai bado kinashika uzi, kilichokwisha kufa hakishiki.

Limebaki suala la sherehe, na hapa wengi huvunja sheria yao kwa kuona aibu. Harusi ina sare ya kamati. Chama cha akina mama kina kitenge chake. Kwenye mazishi ya mkubwa, familia huchagua rangi. Hakuna haja ya kugombana na mtu. Lipa mchango wako kama wenzako, kisha umwombe mweka hazina akupe kitambaa chako kikiwa hakijakatwa, angalau wiki mbili mapema, pamoja na mfano wa mshono waliokubaliana: kola ya namna gani, mkono wa urefu gani, lesi inakaa wapi. Akisita, mwonyeshe shati ulilolivaa siku hiyo, ageuze mshono autazame kwa ndani. Kitenge hakipendi kufumuliwa mara mbili, sindano huacha matundu kwenye kitambaa, basi shona kwanza nguo ya majaribio kwa shuka, kwa kipimo kilekile. Na masalio ya yadi zako usiyaache kwa kamati, kwa kuwa siku moja gauni la sherehe nalo litageuka nguo ya Jumatatu, na utayahitaji kwa viraka.